Bima binafsi ya afya wakati shingo imeshasagika: barua niliyopewa, naomba uzoefu wenu

Mhasibu wa Mbezi

Habari zenu wakuu.

Nina miaka 46, naishi Dar. Niliacha ajira nikafungua ofisi yangu ya uhasibu, tuko watu wachache. Kule nilikotoka tulikuwa na bima ya kikundi. Unaingia hospitali na kadi, unatibiwa, hakuna anayekuuliza habari za shingo. Ajira ilipoisha na kadi ikaisha siku hiyohiyo. Nina mke na watoto wawili, kwa hiyo nikaanza kutafuta bima ya familia ya kujilipia mwenyewe.

Tatizo langu ni shingo. Maumivu yalianzia nyuma ya shingo, yakashuka bega la kulia, halafu ikaja ganzi kwenye kidole gumba na kidole cha shahada. Kipimo cha picha cha MRI kikaonyesha diski (kile kitu laini) iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita (C5-C6) imebonyea, viungo vidogo vya nyuma vimesagika, na vijinundu vya mfupa vimeota kuelekea neva inayotokea hapo kwenda mkononi. Neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo haijabanwa. Daktari bingwa aliniambia sihitaji upasuaji. Nifanye mazoezi tiba, ninywe dawa za neva maumivu yakizidi, niinue kompyuta ilingane na macho. Nimefuata, nafanya kazi kama kawaida na nalala vizuri.

Sasa fomu ya bima. Kuna swali linasema hivi: "Je, wewe au mtegemezi wako yeyote amewahi kutibiwa au kushauriwa na daktari kuhusu maumivu ya mgongo, shingo, viungo au mifupa?" Wakala aliyekuwa ananihudumia, kijana mstaarabu kabisa, akaniambia, "Mzee weka Hapana. Ukiweka Ndiyo faili linaenda kulala." Niliweka Ndiyo, nikaambatanisha na ripoti ya MRI.

Baada ya wiki kadhaa nikapata barua. Wamenikubali, ada ni ileile ya kawaida, ila kuna sharti. Nalinakili neno kwa neno:

"Magonjwa yote ya uti wa mgongo, viungo na mfumo wa neva, pamoja na matatizo yoyote yatokanayo nayo, hayatagharamiwa kwa muda wote wa mkataba huu."

Isomeni taratibu. Mimi nina shida ya pingili mbili za shingo. Sentensi hiyo imechukua mgongo mzima mpaka kiunoni, imechukua magoti na nyonga, na kwa neno "mfumo wa neva" mtu akitaka anaivuta hadi kwenye kiharusi na kifafa. Nikigongwa na bodaboda kesho nikavunjika pingili ya kiuno, kuna mtu ofisini atanionyesha sentensi hii. Na "kwa muda wote" maana yake hakuna siku watakayokaa kuliangalia upya.

Sijasaini. Nimewaomba muda. Naomba kujua: kuna aliyewahi kubishana na sharti kama hili likapunguzwa? Wenzetu wa Kenya na walio nje mnafanyaje? Na je, ripoti ya MRI peke yake inatosha kuonyesha hali halisi?

Nauliza kwa ajili ya wengi. Madereva, mafundi cherehani, walimu wanaosahihisha madaftari usiku, wote shingo zinawauma na wote wanaambiwa hilohilo la "weka Hapana".

Kigogo Stendi

Mkuu pole, ila hapo ulijichongea mwenyewe. Wakala alikupa njia. Bima zote wanatafuta sababu ya kutokulipa, wewe unawapelekea sababu ikiwa kwenye bahasha. Ungeweka Hapana, ukae miezi kadhaa, halafu ndiyo shingo "ianze" kuuma. Watajuaje?

Mama Nuru

Kigogo, watajua. Nakueleza yaliyompata mume wa dada yangu.

Alijaza Hapana kwa ushauri huohuo. Mwaka wa pili mkono ukaanza kukosa nguvu, akapangiwa upasuaji wa shingo. Hospitali ikaomba kibali cha awali kwa kampuni ya bima. Kampuni haikukataa. Ilijibu kwa adabu kwamba inaomba historia ya mgonjwa kutoka vituo vyote alivyowahi kutibiwa, na kwenye fomu ya maombi alishasaini kifungu cha kuwaruhusu kufanya hivyo. Kwenye faili la zahanati ya zamani wakakuta mstari mmoja wa mwandiko wa daktari: "maumivu ya shingo kwa miaka mitatu, anapewa dawa". Tarehe yake ni kabla ya bima.

Upasuaji wakaukataa. Halafu wakaufuta mkataba wote, siyo wake tu, na dada yangu ambaye alikuwa mjamzito pamoja na watoto wakatoka. Walikwenda kujifungua kwa fedha taslimu. Wakala aliyemwambia aweke Hapana alishahama kampuni na simu hapokei.

Kwa hiyo mleta mada, ulichofanya ndicho sahihi. Naumia nikiona watu wanafundishana njia ile.

Mzee wa Tathmini

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kusoma fomu kama yako na kuamua. Sasa nimestaafu, naweza kuongea.

Kwanza elewa barua ile ilivyotengenezwa. Anayesoma faili hajawahi kukuona. Anaona umri, anaona ripoti ya MRI yenye maneno ya kutisha, haoni kitu kingine chochote. Hajui kama unanyanyua mikono vizuri, hajui kama umepangiwa upasuaji. Dawa za maumivu na mazoezi tiba hazimkoseshi usingizi. Anaogopa upasuaji: kutoa diski kwa mbele ya shingo na kuunganisha pingili kwa chuma, kulazwa, MRI nyingine, na pengine kurudi tena mezani. Akikosa taarifa, anachukua sentensi pana kuliko zote iliyoko kwenye kompyuta na kuibandika. Sentensi uliyopewa ni ya kubandika, haikuandikwa kwa ajili yako.

Pili, jua kwamba kuna majibu mengi kati ya "karibu" na "hapana". Kampuni inaweza kukupokea na kuongeza ada. Inaweza kukupokea na kukuwekea kipindi cha kusubiri, tuseme mwaka mmoja, halafu shingo ikaingia kwenye bima. Inaweza kuweka kikomo kidogo cha fedha kwa ajili ya ugonjwa huo tu. Inaweza kuuondoa ugonjwa wenyewe kwa jina, au kuondoa sehemu nzima ya mwili kama walivyokufanyia wewe. Waombaji wengi wanadhani lile la kwanza walilopewa ndilo la mwisho, wanasaini.

Rudi kwao kwa maandishi, siyo kwa simu. Usiwaambie sharti ni la uonevu, hiyo haimsaidii mtu aliyeko mezani. Mpe taarifa aliyoikosa na mpe sentensi ya kuweka badala ya ile. Mimi ningeandika hivi:

"Ugonjwa wa kuchakaa kwa pingili za shingo C5-C6 uliotajwa kwenye fomu ya maombi ya Bwana Fulani, pamoja na upasuaji wake, hautagharamiwa. Sharti hili halihusu majeraha ya ajali, maambukizi, uvimbe, wala sehemu nyingine za uti wa mgongo. Litapitiwa upya baada ya miezi 24 kwa kuzingatia ripoti ya daktari."

Wakikuambia chagua kati ya ongezeko la ada na kuondolewa shingo, piga hesabu kama mhasibu. Chukua ongezeko la mwaka, lilinganishe na unachotumia mwaka mzima kwa mazoezi na dawa. Lakini usisahau kuweka upande wa pili bei ya upasuaji, maana hiyo ndiyo inayofilisi nyumba. Kama daktari wako anasema upasuaji uko mbali, mimi ningekubali kuiondoa shingo kwa sentensi nyembamba, nikaweka akiba. Kama anasema uko karibu, lipa ongezeko ukipewa nafasi hiyo.

Fizio Kaskazini

Natibu shingo kila siku, ngoja niongeze upande wa tiba kwa sababu unahusiana moja kwa moja na barua yako.

Mfupa kuchakaa kwenye picha na mtu kuumwa ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya MRI za shingo za watu 1,211 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Asilimia 87.6 walikutwa diski zimetuna. Watu wazima kabisa, wanalima, wanacheza, hawana habari. Ndiyo maana ripoti ya MRI ikienda peke yake kwa bima inakuumiza: inaorodhesha kila kitu kilichoonekana, haisemi kipi kina maana kwako.

Unachohitaji ni barua ya daktari bingwa, ukurasa mmoja unatosha. Iseme dalili zilianza lini na sasa zikoje. Iseme nguvu za mikono na miguu zikoje alipokupima, mwendo ukoje, refleksi (mwili kujibu wenyewe unapogongwa) zikoje. Kuna kipimo kidogo tunafanya cha kuchapa ukucha wa kidole cha kati na kuangalia kama gumba linajikunja lenyewe. Likijikunja, tunashtuka, kwa sababu inaweza kuwa neva kuu imebanwa. Kama lako halijikunji, iandikwe. Iseme wazi kwamba MRI haikuonyesha neva kuu kubanwa, kwamba upasuaji haukupendekezwa, na kwamba hujakosa kazi kwa ajili ya shingo, kama ni kweli. Mstari wa mwisho utaje matarajio ya daktari kwa miaka ijayo. Hayo ndiyo Mzee wa Tathmini anasema hayakuwa mezani.

Na wote mnaosoma, bima au hakuna bima: ukianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, vitu vinakuponyoka mkononi, miguu inakuwa mizito au unayumba unapotembea gizani, au mkojo unakusumbua, nenda hospitali kubwa yenye bingwa wa mifupa au mishipa ya fahamu siku hiyohiyo. Hapo usisubiri barua ya mtu.

Dada Cherehani

Samahani kuingilia uzi. Mimi ni fundi nguo Morogoro. Shingo inaniuma sana jioni, mkono unakufa ganzi nikiinama kwenye cherehani. Sijawahi kupiga MRI wala eksirei. Nataka kukata bima mwezi ujao. Rafiki yangu ananiambia nisipime kwanza, nikate bima ndiyo nipime, ili nisiwe na ugonjwa kwenye karatasi. Nifanyeje?

Fizio Kaskazini

Dada yangu, kwanza nijibu: vifungo unafunga vizuri? Miguu iko sawa? Ganzi inaondoka ukinyoosha shingo au inabaki?

Dada Cherehani

Vifungo nafunga, sindano natunga vizuri. Miguu iko sawa. Ganzi inaondoka nikipumzika.

Fizio Kaskazini

Basi hakuna dharura, lakini nenda ukapimwe na daktari kwa mikono kabla hujafikiria MRI. Mara nyingi picha haihitajiki kabisa mwanzoni, kinachohitajika ni mazoezi na kuinua meza ya cherehani. Kuahirisha kupimwa ili kuwahi bima ni kuuchezea mkono unaokulisha.

Mzee wa Tathmini

Na upande wa fomu, dada, soma swali linauliza nini. Likiuliza "umewahi kutibiwa" na hujawahi, jibu la kweli ni hapana. Lakini fomu nyingi zinaendelea: "au umekuwa na dalili zozote". Hapo ganzi ya mkono ni dalili, iandike. Jibu kile kilichoulizwa, kikamilifu, na ubaki na nakala ya fomu iliyosainiwa. Nasisitiza nakala. Piga picha kila ukurasa kabla hujaikabidhi, kwa sababu nimeona fomu ambazo mteja alisema Ndiyo kwa mdomo na wakala akaandika Hapana kwa kalamu yake.

Barobaro wa Nakuru

Habari kutoka Kenya. Huku kwetu bima ya umma ilibadilika, tangu 1 Oktoba 2024 SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi ya NHIF yetu, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Kenya. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kujisajili hakuna anayekuuliza kama shingo ni nzima ama ni mbovu. Kwa hiyo mtu kama wewe anaanzia hapo, halafu bima binafsi inakuwa ya kuongezea.

Kwa zile za binafsi nilizoulizia mimi (nina shida ya mgongo, si shingo), walinipokea ila magonjwa niliyokuja nayo na yale sugu yalipewa kikomo chake, kidogo kuliko kile kikubwa kilichoandikwa kwenye tangazo, na nikaambiwa nisubiri mwaka mmoja. Ushauri wangu: uliza hicho kikomo cha ndani ni pesa ngapi. Watu wanaangalia ile namba kubwa ya juu, kumbe ugonjwa wao una namba yake kule chini.

Kigogo Stendi

Sasa kama ni hivyo, kwa nini mleta mada asiende tu NHIF yetu ya Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akaachana na hawa?

Mhasibu wa Mbezi

Swali zuri, Kigogo. Nimelifikiria na nimeanza kulifuatilia, kwa sababu mimi sasa ni mwajiri. Mfumo wa NHIF kwa walioajiriwa ni mchango wa asilimia 6 ya mshahara, na unahudumia mwanachama, mwenza na wategemezi hadi wanne. Shingo haipimwi mlangoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inaelekea huko, kila mtu awe na bima.

Lakini nakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha NHIF (orodha ya huduma na bei zake) kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama kwa sababu ya bei. Mke wangu ana daktari wake wa muda mrefu katika hospitali ya aina hiyo. Ndiyo maana nataka pia bima binafsi, kama uwezo utaruhusu.

Duka la Vipuri

Mhasibu umesema una ofisi na wafanyakazi. Umeuliza bima ya kikundi kwa jina la ofisi? Mimi Mwanza nina duka la vipuri na vijana wangu. Nilipotafuta bima ya mtu mmoja mmoja walitaka kujua kila kitu, mpaka presha ya mama. Nilipoomba kwa jina la biashara, fomu ya afya ikawa nyepesi kabisa, na magonjwa sugu yakaingia kwa kikomo chake bila kusubiri. Kampuni inagawanya hatari kwa watu wote, mgonjwa mmoja hawamuangalii sana. Idadi ya chini ya watu inatofautiana, wengine wanataka kumi, wengine wanapokea pungufu. Tafuta dalali wa bima aliyesajiliwa akuzungushie kampuni kadhaa. Dalali anatakiwa kukuwakilisha wewe mteja, wakati wakala anaiwakilisha kampuni. Hiyo tofauti watu wengi hawaijui.

Mhasibu wa Mbezi

Tuko wanne tu ofisini. Nitauliza. Asante sana.

Mtoto wa Pangani

Niko Reading, Uingereza. Hapa matibabu ya msingi ni ya NHS, huduma ya afya ya umma, kwa hiyo bima binafsi watu wanakata ili wasisubiri foleni ya MRI na bingwa. Na kwa ugonjwa wa zamani wana utaratibu wao. Unaweza kujaza historia yote, wakakuandikia wazi kipi kimeondolewa. Au unaingia bila kujaza, kwa masharti kwamba chochote kilichokusumbua ndani ya miaka 5 iliyopita hakilipwi, mpaka ukae miaka 2 mfululizo ndani ya bima bila dalili, dawa wala ushauri wa daktari kwa ajili yake.

Hiyo ya pili inavutia kwa sababu haina maswali, ila kwa shingo iliyosagika ni mtego. Maumivu yanakuja na kuondoka. Ukienda mara moja tu kwa daktari mwaka wa pili, saa inaanza kuhesabu upya. Nimeona watu wanajizuia kwenda hospitali wakati wanaumwa ili watimize miaka miwili. Kwa mtu wa shingo nashauri njia ya kueleza kila kitu, ujue mapema unasimama wapi.

Ndugu zangu walioko Marekani wanasema kwao ni tofauti kabisa: tangu 1 Januari 2014, bima za afya zinazofuata sheria ya Obama haziruhusiwi kukukataa wala kukuongezea ada kwa ugonjwa uliokuwa nao. Waangalie tu zile bima za muda mfupi, hizo zina uhuru wa kukukataa.

Wakili Pwani

Naandika kidogo juu ya sheria, na nina jambo moja muhimu kwenye barua ya mleta mada ambalo sijaona likitajwa.

Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema ya hali ya juu, na msingi huo tumeurithi kutoka sheria ya Kiingereza. Kesi yake mama ni ya mwaka 1766, Carter dhidi ya Boehm, mbele ya Jaji Mansfield. Watu wanaitaja kila siku kuwatisha wateja: usipofichua, umekwisha. Wanachosahau ni kwamba katika kesi ile mkata bima ndiye aliyeshinda. Jaji alisema wajibu ni wa pande zote mbili, na kampuni haiwezi kulalamikia jambo ambalo ililijua au ilipaswa kulijua. Kwa hiyo Mhasibu, kwa kuweka Ndiyo na kuambatanisha MRI, umehamisha mzigo. Chochote watakachokukubalia sasa, wamekikubali macho yakiwa wazi, na una nakala ya kuthibitisha.

Sasa lile jambo. Rudia kusoma sentensi yako. Ni ya nani? Haijataja jina. Mkataba ni wa familia. Kwa jinsi ilivyoandikwa, "magonjwa yote ya uti wa mgongo, viungo na mfumo wa neva" yanaondolewa kwenye mkataba mzima. Mtoto wako akipata homa ya uti wa mgongo, mtu mkorofi anaweza kudai kwamba sharti linamhusu na yeye. Lazima jina lako liandikwe, na iandikwe kwamba halihusu wanufaika wengine.

Ukifika mahali mkashindwana, andika malalamiko rasmi kwa kampuni kwanza. Wasipokujibu vya kuridhisha, TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania) ndiyo inayowasimamia, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kenya wanayo IRA, mamlaka yao ya kusimamia bima. Lakini hizo ni za mgogoro wa mkataba uliopo. Kabla ya kusaini, kampuni ina uhuru wa kukukataa na wewe una uhuru wa kwenda kwingine. Nguvu yako ni sasa, kabla ya sahihi.

Mama Nuru

Wakili, hilo la jina limenishtua. Nimefungua mkataba wangu sasa hivi kuangalia.

Mhasibu wa Mbezi

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa ukimya. Nilikwenda kwa daktari bingwa na orodha ya Fizio mkononi. Alinipima upya, akaandika barua ya ukurasa mmoja: nguvu za mikono sawa, mwendo sawa, neva kuu haijabanwa, hakuna upasuaji uliopendekezwa, mgonjwa anafanya kazi kwa ukamilifu. Nikaandika barua yangu kwa kampuni nikaweka ile sentensi ya Mzee wa Tathmini na nyongeza ya Wakili kuhusu jina. Sikupitia kwa wakala, niliipeleka mwenyewe mapokezi nikagongewa muhuri kwenye nakala.

Wamejibu. Sharti jipya linataja jina langu na "ugonjwa wa kuchakaa kwa pingili za shingo". Ajali imetolewa nje ya sharti kwa maandishi. Viungo vingine na mfumo wa neva vimefutwa. Litapitiwa baada ya miaka miwili nikipeleka ripoti. Waligoma kuandika C5-C6 peke yake, wanasema shingo ikichakaa pingili moja na za jirani zinafuata, na daktari wangu alikubali kwamba hapo wana hoja. Waligoma pia kunipa kipindi cha kusubiri badala ya kuondoa. Nimesaini.

Mazoezi ya shingo nitajilipia. Nimefungua akaunti ya pembeni, kila mwezi naweka kitu kwa ajili ya shingo tu. Na ofisi nimeisajili tunachangia NHIF, kwa hiyo ikija kuwa upasuaji, naanzia huko. Bima ya kikundi kwa watu wanne sijaipata bado, dalali anaendelea kutafuta.

Yule kijana wakala nilimpa nakala ya barua zote mbili, ya kwanza na ya pili. Alizisoma zote mbele yangu. Aliniuliza kama anaweza kuwaonyesha wateja wake wengine sentensi ile ya pili bila jina langu. Nimemruhusu.

Kigogo Stendi

Hongera mkuu. Nimejifunza kitu. Swali la mwisho: ukihama kampuni mwakani, hizo miaka miwili za kusubiri kupitiwa zinahama na wewe?

Mzee wa Tathmini

Kwa kawaida hazihami. Kampuni mpya inakuchukua kama mwombaji mpya, fomu mpya, na inaweza kukubandika sentensi pana tena. Akitaka kuhama, aombe kampuni mpya impe masharti kwa maandishi wakati mkataba wa zamani bado uko hai, apeleke na barua ya sharti la sasa waone mwenzao alikubali nini. Asiache hata siku moja katikati bila bima. Na barua ya daktari aifanye mpya kila mwaka, hata kama shingo haimuumi.

Dada Cherehani

Nimepimwa jana. Daktari kasema ni misuli na mkao, MRI haihitajiki kwa sasa. Kwenye fomu nimeandika ganzi ya mkono kama ilivyo, na picha za kila ukurasa ninazo kwenye simu. Fizio, nimeinua cherehani kwa matofali mawili. Je, na kiti nacho kipande au kibaki?

Fizio Kaskazini

Kipande kiasi ambacho nyayo bado zinakaa bapa chini na viwiko viko usawa wa meza. Miguu ikianza kuning'inia, weka ubao chini ya nyayo.